Morfini si Unga, na Kuacha Mashine si Kujiua

Mjadala wa haki ya kufa huwafikia watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, upande wa bara wa Mombasa, kupitia mlango wa uani. Wabunge wa Uingereza wakipiga kura, kama walivyofanya Juni 2025 walipopitisha kwa kura 314 dhidi ya 291 mswada wa kumruhusu mgonjwa asiyepona asaidiwe kufa, stesheni za redio za hapa hupata mada ya asubuhi. Sheikh hupigiwa simu, mchungaji hupigiwa simu, wote wawili husema hapana, na baada ya tangazo la sabuni mada hufungwa. Nyumba ya tatu kutoka inapolia redio hiyo huenda yuko mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi ambaye tangu juzi anamwomba Mungu amchukue, na hakuna aliyemwuliza anachokiomba hasa ni nini.

Nami husema hapana. Sheria ya kumsaidia mgonjwa kufa haitufai, hapa tulipo na kwa hali tuliyo nayo. Lakini hoja nyingi za upande wangu ni mbovu, na ubovu wake una gharama. Kuna mtu anayezilipia kwa usiku mzima wa kuuma meno. Ndiyo maana nitaanza na za kwetu kabla ya kuwageukia wapinzani.

"Morfini ni unga. Ukianza kumpa, umemfanya teja."

Hii ndiyo hoja kongwe na ndiyo yenye mizizi. Mtu wa mbali anaweza kuicheka. Mtu wa Kisauni au Likoni hana nafasi hiyo. Amezika vijana. Anajua maskani ziko uchochoro gani, anamjua mtoto wa jirani aliyeuza mpaka mabati ya jiko la mamake, anajua arosto ya kukosa unga inavyomkunja mwanamume mzima sakafuni. Na kwa upande wa kemia hajakosea hata kidogo: heroini, ndiyo huo unga, hutengenezwa kutokana na morfini, na morfini hutoka kwenye utomvu wa mmea wa afyuni. Daktari anayemjibu mtu huyu kwa kumwambia "usiwe na wasiwasi" hajamheshimu.

Jibu lenyewe liko Kisauni. Kuna kliniki ya methadoni pale. Vijana hufika asubuhi, hunywa kipimo chao mbele ya muuguzi, kisha huenda kubeba mizigo au kuendesha tuktuk. Methadoni ni ya ukoo ule ule wa afyuni. Lakini mama ambaye mwanawe amerudi kuwa mtu kwa dawa hiyo hasemi kwamba serikali inamlisha mwanawe unga, asema anatibiwa. Kwa hiyo jamii hii imekwisha kujionea kwa macho yake, kabla ya miji mingi ya Kenya, kwamba dawa na sumu hutengana kwa kipimo, kwa mkono unaoitoa na kwa sababu ya kuitoa. Ajabu ni kwamba elimu hiyo imemfaa teja ikamkosa nyanya ambaye saratani imemwingia mifupani.

Mwili wa mgonjwa utaizoea morfini, ni kweli. Akiikatiza ghafla atatokwa jasho na kutetemeka, na ndiyo maana mionzi ikimpunguzia maumivu, dawa nayo hupunguzwa pole pole. Huko ni kuzoea kwa mwili, na wapo wanaozoea hivyo dawa nyingine nyingi bila ya kuitwa majina. Teja huikimbia siku yake. Mgonjwa aliyepata kipimo chake huirudia: huketi, hunywa uji, huuliza nani amejifungua na nani bado hajalipa deni. Na hata ungesema atakuwa mraibu, je, mtu aliyebakiwa na majuma sita unamkinga na uraibu wa mwaka gani?

Sehemu moja tu ya hofu hii siwezi kuipita. Chupa ya morfini ndani ya nyumba yenye kijana anayetumia ni mtihani kweli. Hapo itolewe ya siku chache chache, iwekwe kwenye sanduku lenye kufuli, ufunguo awe nao mtu mmoja, na kila kipimo kiandikwe daftarini. Tatizo hilo ni la kufuli na hutatuliwa kwa kufuli. Kumnyima mgonjwa dawa kwa sababu ya mpwa wake ni kumwadhibu asiyekosa.

"Ikishaletwa morfini, jua mtu anamalizwa."

Hili nalo watu hawakulitunga. Waliona: dawa ikaja Jumatano, Ijumaa wakazika. Wasichokiona ni miezi minane iliyotangulia, ambapo mgonjwa alipewa vidonge vya kutuliza kichwa kwa maumivu ya mfupa uliokwisha kuliwa na saratani, mpaka alipokuwa hawezi tena kumeza ndipo mtu akakumbuka morfini. Dawa inayoletwa siku ya mwisho italaumiwa kwa mwisho.

Morfini ya maji huanzwa kwa kipimo kidogo, hutolewa kila baada ya saa nne, na huongezwa hatua kwa hatua mpaka maumivu yatulie. Siku za mwanzo mgonjwa anaweza kusinzia na kusikia kichefuchefu, kisha hayo hupungua. Linalobaki ni kufunga choo, na muuguzi mzoefu huandika dawa ya kulainisha choo kwenye karatasi ile ile. Kipimo kikizidi, usingizi mzito hutangulia kabla pumzi haijaanza kupungua. Kwa hiyo onyo lipo kwa anayejua kuangalia. Si kazi ya kubahatisha. Lakini insulini pia huua ikikosewa, na sijamsikia mtu yeyote Magongo akisema insulini ni dawa ya kumalizia watu.

Mwaka 2010 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali ya Massachusetts General, Boston, kwa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Kundi moja lilipata matibabu ya kawaida. Kundi la pili liliongezewa tangu mwanzo tiba shufaa, yaani matibabu yasiyolenga kuponya bali kumwondolea mgonjwa maumivu, pumzi za shida, kukosa usingizi na hofu. Kundi la pili lilikuwa na hali bora ya maisha, lilipata matibabu machache ya nguvu kuelekea mwisho, na bado liliishi zaidi: kwa kipimo cha kati, miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Ni utafiti mmoja, wa saratani moja, wa mji tajiri. Hata hivyo, anayedai kwamba kumtuliza mgonjwa ni kumharakisha ana kazi ya kuujibu.

Na tusiende Boston, twende Kampala. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na morfini yao haikuhitaji kiwanda kikubwa: unga wa dawa, maji, kihifadhi na rangi ya kutofautisha nguvu ya kila mchanganyiko. Mwaka 2004 Uganda ikaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu waiandike wenyewe, kwa kuwa walijua daktari hafiki vijijini. Kenya ilikuwa na Nairobi Hospice tangu 1990, na hapa Mombasa kuna Coast Hospice kwenye hospitali kuu ya Pwani, lakini ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2010 ilikuta hospitali za umma zenye morfini ya kunywa zikiwa saba tu katika takriban 250. Hali imesogea tangu hapo. Kwa picha ya dunia nzima, tume ya jarida la Lancet ilihesabu mwaka 2017 kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini zilizosambazwa kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1. Hatuuawi kwa morfini, jamani. Haifiki.

"Msimwambie, atakufa kwa hofu."

Haya husemwa koridoni, mwana mkubwa wa kiume akimshika daktari mkono, na mara nyingi daktari hukubali kwa sababu ana wagonjwa wengine arobaini. Lakini huyo anayefichwa anajua. Amejua tangu watu walipoacha kumgombeza. Amejua tangu shemeji aliyemnunia miaka mingi alipokuja na machungwa. Anachofichwa si ugonjwa, ni ruhusa ya kuuzungumza.

Kwa Mwislamu hasara ya siri hii ina orodha. Kuna wasia, ambao haumruhusu kuusia zaidi ya thuluthi ya mali na ambao hauandikiki na mtu aliyekwisha kupoteza fahamu. Kuna madeni yanayomning'inia. Kuna radhi: za mke, za ndugu aliyekosana naye kwa kiwanja cha Mtongwe, za mtoto aliyefukuzwa nyumbani. Mkristo naye ana yake, kitubio na mpako na mambo ya kanisani kwake. Anayemficha mgonjwa kwa huruma humnyang'anya yote hayo, kisha arubaini ikifika ndugu hugombania nyumba, ugomvi ambao marehemu angeumaliza kwa sentensi mbili.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu amwambie mgonjwa hali yake, isipokuwa pale penye ushahidi wa kutosha kwamba kumwambia kutamdhuru. Huo ni mwanya, na mwanya haukuwekwa uwe desturi. Mwaka 2019 Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alijitokeza hadharani na kusema kwamba saratani yake imefika pasipoponyeka. Alifariki Julai mwaka huo. Miezi ile kati ya kusema na kufa hakuipoteza kwa hofu. Aliendelea kuzungumza shule na masomo ya watoto wa jimbo lake, na nchi nzima ikajifunza kwamba mtu anaweza kulitamka neno hilo na bado akawa na kazi ya kufanya kesho yake.

Nakubali kwamba namna ya kusema ni nusu ya jambo. Kuna wanaoambiwa kwa mlango wazi, watu wakipita, kama wanaoambiwa gari limeharibika. Basi tuwafunze watu kusema. Kunyamaza hakukuwa dawa.

"Kukataa mashine, kukataa kemo, kung'oa dripu: huko ni kujiua, na anayemkubalia mgonjwa ni mwuaji."

Hapa ndipo upande wangu huchanganya mambo mawili ambayo dini na sheria zimeyatenganisha kwa makini, na ukishayachanganya unampa mpinzani wako ushindi wa bure. Ukisema kuacha matibabu yasiyofaa ni sawa na kumdunga mtu sindano ya kufa, yeye atakujibu: sawa, na kwa kuwa la kwanza hufanyika kila siku ICU, basi tuhalalishe na la pili.

Nianze na dini, kwa kuwa hapa bara ndiyo inayosikizwa kwanza. Wanazuoni wengi wa Kiislamu hawakuifanya tiba kuwa faradhi pale ambapo kupona hakuna yakini. Imam Ghazali katika Ihyaa amejadili kwa urefu lini kutibiwa ni bora na lini kuacha hakumtoi mtu katika tawakkul, yaani kumtegemea Mungu. Na hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, ya yule mwanamke mweusi mwenye kifafa, husomwa darasani mpaka leo: Mtume alimpa hiari, asubiri apate Pepo au aombewe apone. Alichagua subira. Kisha akaomba jambo moja, kwamba aombewe asifunukwe na nguo aangukapo. Mimi naiona hapo tiba shufaa yote. Mgonjwa ameiacha tiba ya kuponya bila ya kulaumiwa, na ombi lake la sitara likapokelewa na kuombewa dua. Katika zama zetu, Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilikutana Amman mwaka 1986 na kuruhusu mashine ziondolewe kwa mtu ambaye ubongo wake umekufa wote kwa uamuzi wa wataalamu. Kwa Wakatoliki, Papa Pius wa Kumi na Mbili alikwisha kusema mwaka 1957 kwamba mtu halazimiki kutumia njia zisizo za kawaida kuuvuta uhai, na kwamba dawa ya maumivu ni halali hata kama huenda ikafupisha siku, mradi nia si kuua. Lisiloruhusiwa na hao wote pia ni wazi: kumwua.

Sheria nayo. Ile ile Sheria ya Afya inasema mgonjwa aelezwe kwamba ana haki ya kukataa matibabu anayopendekezewa, na aelezwe matokeo ya kukataa kwake. Inatambua pia mtu ambaye mgonjwa amemteua kwa maandishi akubali kwa niaba yake. Ni watu wachache mno wanaolitumia hilo, na ni karatasi moja tu. Ni kweli kwamba Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 213, inamhesabu kuwa amesababisha kifo yule anayemharakisha mgonjwa kwa kutenda au kwa kuacha kutenda, na maneno hayo huwatia madaktari baridi. Lakini kuacha huwa kosa pale penye wajibu wa kutenda, na sheria haiwezi kumwajibisha daktari amlazimishe mgonjwa kitu ambacho sheria nyingine imempa mgonjwa haki ya kukikataa. Hivyo ndivyo ninavyoisoma. Bunge lingeandika wazi lingewaondolea watu mashaka, na ni aibu kwamba halijaandika.

Dripu inastahili neno lake, kwa kuwa ndiyo inayozua ugomvi kitandani. Mtu anayekaribia kufa huacha kula. Ndugu huona njaa inamwua, nao hudai mpira wa kulishia, hudai maji ya mshipa, na dada mmoja hulia kwamba mamake anauawa kwa kiu. Mambo yamekwenda kinyume na wanavyoyaona: mwili unafunga, figo hazitoi tena, na yale maji ambayo wangedhani yanamfaa huvimbisha miguu na kumkoromesha kifuani. Midomo ikikauka, pamba yenye maji na mafuta kidogo hutosha, na ni kazi ambayo mikono ya binti huifanya vizuri kuliko hospitali yoyote. Siku za mwanzo za ugonjwa, wakati kiharusi kimempiga au kooni kumeziba na bado ana miezi, mpira huo huo unaweza kuwa na maana kubwa. Wakati ndio hubadilisha hukumu.

"Mahakama imekwisha kuruhusu kujiua, kilichobaki ni kutuletea madaktari wa kuua."

Hapana. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alikitangaza kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kuwa kinyume cha Katiba. Kifungu hicho kilimfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Jaji alikubali kwamba mtu huyo anahitaji matibabu, si pingu. Kifungu jirani, cha 225, kinachomwadhibu hadi kifungo cha maisha anayemsaidia au kumshawishi mwingine ajiue, hakikuguswa. Waliotangaza kwenye mimbari kwamba "sasa ni ruhusa" hawakusoma, na wamewatisha watu wenye huzuni ambao ndio kwanza walikuwa wamepata ujasiri wa kwenda hospitali.

Upande wangu pia hupenda kusema kwamba Katiba ya 2010 imeufunga mjadala. Ibara ya 26 inalinda uhai, ni kweli, lakini inasema mtu hatanyimwa uhai kwa kukusudia isipokuwa kwa kadiri inayoruhusiwa na Katiba au sheria nyingine iliyoandikwa. Maneno hayo ya mwisho ni mlango, na mwenye ufunguo ni Bunge. Nayo ibara ya 28 juu ya utu, na ya 29 inayokataza mateso na kutendewa kikatili, wakili yeyote hodari atakuja nazo siku ya kesi. Afadhali tujiandae kwa hoja kuliko kujidanganya kwamba kesi haitakuja.

"Haya ni ya Wazungu." Mwaka 2015 ilikuwa Pretoria, Afrika Kusini: Robert Stransham-Ford, wakili mwenye saratani ya tezi dume, alipewa na mahakama ruhusa ya kusaidiwa kufa saa chache baada ya yeye kufariki, na Desemba 2016 Mahakama ya Rufaa ikaifuta hukumu. Bara letu lina kesi, na kesi husafiri.

"Mgonjwa akisema anataka kufa, amekufuru, aombe toba." Hata mafundisho yanayokataza mtu kutamani mauti kwa sababu ya dhiki yamempa mgonjwa dua ya kusema badala yake, kwamba Mola amhuishe maadamu uhai una kheri kwake na amfishe ikiwa kufa ndiko kheri. Mtu huyo hakufukuzwa, alielekezwa. Anayemkatiza mgonjwa kwa "usiseme hivyo" amejiokoa yeye na mazungumzo magumu.

Sasa wapinzani. Hoja yao nzito ni moja, na ni nzito kweli: mtu mzima, mwenye akili timamu, anayekufa na kuteseka, ni nani wewe umlazimishe aendelee? Siwezi kuijibu kwa kusema mateso yote hutulizwa. Si yote. Kuna vidonda vinavyonuka ambavyo morfini haivigusi, kuna kukosa pumzi kunakotisha, kuna mtu mwenye heshima zake ambaye kuoshwa na mkwewe kwamwuma kuliko saratani. Mwenye kudai kwamba tiba shufaa huondoa kila kitu hajakaa na wagonjwa.

Lakini tazameni wanaoomba, pale ambapo sheria ipo. Jimbo la Oregon nchini Marekani limeiruhusu tangu 1997 na hutoa taarifa kila mwaka. Sababu zinazoongoza ni kupoteza uwezo wa kujiamulia, kushindwa kufanya yale yaliyoyapa maisha ladha, na kupoteza heshima. Maumivu, au hofu ya maumivu, hutajwa na wachache zaidi, na kwa miaka mingi wanaotaja kuwa mzigo kwa familia huwa wengi kuliko wanaotaja maumivu. Na hao ni watu ambao takriban wote wako chini ya huduma ya hospisi, wenye morfini mezani.

Chukueni sababu hiyo ya mzigo muivushe feri. Likoni, mgonjwa anajua bei ya kila kitu kilichouzwa kwa ajili yake. Anajua kiwanja kilikwenda, anajua mjukuu alikaa nyumbani muhula mzima, amesikia simu ikilia kundi la mchango lilipopata shilingi mia mbili na lilipokaa siku tatu bila ya kitu. Bima ya afya ya SHA iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 ina kikomo kwa saratani, na kikomo kikifika familia hurudi kwenye simu. Mpe mtu huyu karatasi ya kuomba kufa, ataisaini kwa upendo. Itakuwa ni hiari, kwa maana ya wakili. Kwa maana yangu itakuwa ni deni limelipwa kwa njia nyingine. Haki ya kuchagua inataka kuwepo kwa cha pili cha kuchagua, nacho hakipo kwa mtu ambaye morfini yake iko ng'ambo ya maji.

Kuna hoja ya kwetu dhidi ya sheria hiyo ambayo siitumii: kwamba mlango ukifunguka kidogo hufunguka wote kila mahali. Kanada iliruhusu 2016, na 2021 ikapanua hadi kwa watu ambao kifo chao hakiko karibu. Oregon bado inadai ugonjwa wa kumwua mtu ndani ya miezi sita, kama ilivyoanza. Mlango umepanuka kwa wengine, kwa wengine haukupanuka. Hoja ya mzigo hainihitaji nitabiri.

La mwisho ni la watu wa serikali, husemwa kwa upole: huduma hizi ni za hospitali kubwa, bara mngojee. Kungojea maana yake ni hii. Mtu wa Mtongwe mwenye saratani mgongoni hupandishwa tuktuk, kila shimo la barabara humkata, hushuka kwenye feri, husukumwa kwenye kigari kati ya halaiki, hupanda gari jingine upande wa pili, na hurudi njia ile ile jioni. Yote hayo kwa chupa ya dawa ambayo muuguzi mmoja mwenye mafunzo angempelekea na pikipiki. Wa Mishomoroni hungojwa na daraja la Nyali lenye msongamano, wa Chaani hukwama Kibarani nyuma ya malori ya bandarini. Uganda waliimaliza hesabu hii mwaka 2004. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013, kwa hiyo si jambo la kumlilia waziri Nairobi.

Agosti 2027 ni uchaguzi, na wagombea watapita Likoni, Kisauni na Changamwe wakiulizwa habari za feri, maji na ajira. Aulizwe pia kila mmoja, mbele ya watu: katika hospitali ya Likoni na ya Port Reitz, leo, kuna morfini ya kunywa kabatini, na usiku wa Jumamosi nani mwenye ruhusa ya kuiandika?